Hekso ya umeme ya mtumba: ikiumwa hivi chanzo ni hiki, na hapo ndo ujue unaibeba au unaiacha

Mbukwenyi wakuu. Kama una karakana ndogo ya kuchomelea nyumbani, iwe Nkuhungu, Chang'ombe au kule Nzuguni, najua ulipoanzia ni palepale nilipoanzia mimi, grinda na diski. Grinda haina ubaya kwa skwea paipu na flatibaa za mageti. Shida inakuja siku mtu anakuletea shafti ya milimita 80 anataka vipande kumi vyenye urefu mmoja, unamaliza diski, unamaliza mikono, cheche zimefika mpaka kwenye nguo alizoanika jirani, na vipande vyenyewe kila kimoja kina upande wake. Hapo ndo mtu anaanza kuulizia hekso ya umeme, ile yenye fremu inayokwenda mbele na nyuma kama mtu anakata kwa mkono, au bendiso ya kulala, ile ya bledi ya mviringo inayozunguka kwenye magurudumu mawili. Mpya bei yake inatisha, kwa hiyo tunaishia kwenye mtumba: karakana iliyofungwa, mzigo wa kontena ulioshukia Dar, au mzee fulani ana yake imekaa nyuma ya nyumba chini ya mwarobaini na kuku wanalala juu yake.

Sasa mashine ya hivyo haiji nzima. Ukisubiri isiyo na ugonjwa hutanunua mpaka unazeeka. Swali ni inaumwa nini, na ugonjwa huo unatibika hapa Dodoma au hautibiki. Mimi nina mafungu mawili tu: magonjwa ya kupunguziwa bei, na magonjwa ya kuaga na kuondoka. Mota iliyoungua ni ya kupunguziwa bei, mana mafundi wa kusuka mota tunao hapahapa mjini. Beringi, mkanda, swichi, bushi, vyote vinanunuliwa au vinachongwa kwenye leizi, ile mashine ya kuchonga vyuma. Lakini njia za fremu (reli inazotelezea) zilizolika, gia ya shaba iliyoisha kwenye mashine ambayo kiwanda chake kilishafungwa, na bodi iliyopasuka, hayo hata ukipewa bure piga kwanza hesabu ya kuibeba. Ni kama kununua ng'ombe mnada wa Msalato, humuulizi mwenye ng'ombe ana miaka mingapi, unafungua mdomo unaangalia meno mwenyewe.

Ukienda kuiona beba vitu vyako. Kipande cha shafti laini ya milimita 50, skwea, venia (kipimo cha milimita), maltimita (ya kupima umeme), sumaku, tochi, kitambaa cheupe, na bledi mpya ya saizi yake (uliza urefu wa bledi kwenye simu kabla ya kwenda, nchi 12, 14 au 18, kuanzia tundu hadi tundu). Bledi mpya usiidharau. Ukipima mashine kwa bledi butu ya muuzaji kila dalili utakayoiona atasema "ni bledi tu hiyo kaka", na hutakuwa na la kujibu. Alafu fika mapema kuliko mlivyokubaliana, gusa mota kwa kiganja kabla ya chochote. Ikiwa ya moto, ujue wameshaiwasha kuihangaikia kabla hujafika.

Na kama ukiambiwa umeme hamna, LUKU imeisha, usirudi nyumbani. Mimi iliwahi kunitokea, nikamwambia mzee nipe namba ya mita, nikanunua uniti za elfu tano kwa simu palepale, akaingiza tokeni huku ananiangalia kwa jicho baya. Ndo ikajulikana mota haikuwa na kapasita kabisa, yaani kile kifaa cha kutunza umeme kinachoisaidia mota kuanza, kopo la kapasita lipo, ndani tupu.

MOTA INANGURUMA HAIZUNGUKI

Hii ndo dalili inayotisha watu wengi na ndo rahisi kuliko zote. Kwanza zima, chomoa, toa mkanda kwenye puli, zungusha mota kwa mkono. Ikigoma au ikikwaruza ni beringi, au rota inagusa ndani. Ikizunguka laini, zungusha na puli ya upande wa mashine, kama huku ndo kumekaza basi mota haina kosa, mashine yenyewe imeshikwa na kutu au grisi imekuwa kama lami. Mashine zilizokaa miaka nje kwenye vumbi letu hili mara nyingi ni hivyo, na dizeli na uvumilivu wa siku mbili vinatosha.

Kama mota iko huru na bado inanguruma, inategemea ni ya njia ngapi za umeme, yaani fezi. Ya njia moja, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita ya kuanzishia, wa pili ni ile swichi ya ndani inayoachia mota ikishika spidi, ambayo vumbi likiingia kwenye ncha zake haishiki tena. Kapasita bei yake ni ya kawaida tu, lakini kabla hujaigusa itoe chaji, inakaa na umeme hata kama plagi imechomolewa, na inapiga kweli. Kuna mafundi wanaisukuma puli kwa mkono umeme ukiwa umewashwa ili mota iamke. Usifanye, vidole havichongwi leizi.

Ya njia tatu ikinguruma, njia moja haifiki. Fyuzi imekatika, au kontakta (swichi ya kuwashia mota) ina ncha iliyoungua, au waya mmoja umelegea kwenye kisanduku cha mota. Pima kwenye maingilio ya mota, kati ya njia na njia zote tatu zitoe sawasawa karibu volti 400. Umeme ukiwa sawa basi zima, pima ukinzani wa waya za ndani, seti zote tatu zilingane, moja ikiwa tofauti sana au haisomi kitu, mota inakwenda kusukwa. Mwambie muuzaji bei ya kusuka, toa kwenye bei yake, endelea na ukaguzi. Ukiacha mashine nzuri kwa sababu ya mota umeacha mke kwa sababu ya kitenge.

KIBAO CHA MOTA NA UMEME WA NYUMBANI KWAKO

Hapa nakaa kidogo mana ndipo nilipoliwa mimi.

Hekso yangu ya kwanza niliinunua ikiwa na mota ya njia tatu, nyumbani nina njia moja, nikajiambia nitanunua ile invata inayopokea volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu. Wazo zuri kabisa. Tatizo sikusoma kibao, kile cha maelezo kilichobandikwa kwenye mota. Invata ya namna hiyo inatoa njia tatu lakini za volti 230, haipandishi mpaka 400. Kwa hiyo mota yako lazima iweze kufungwa kwa 230. Kibao kikisema 230/400 maana yake ukiifunga delta inakula 230, ukiifunga nyota inakula 400 (delta na nyota ni namna mbili za kuunganisha waya za mota), unafungua kisanduku unahamisha vile vibati vitatu vya shaba unaiweka delta, umemaliza. Lakini kibao kikisema 400/690 hiyo delta yake ni 400, ukiipa 230 inazunguka kivivu, ukikandamiza bledi inakufa. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Nikahangaika wiki nzima nalaumu invata, nalaumu mkanda, nalaumu bledi, kumbe jibu lilikuwa limepigwa mhuri kwenye kibao siku zote, chini ya rangi.

Mashine za kutoka Japani nazo ziangalie, nyingi mota yake ya njia tatu ni ya volti 200. Hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye 400 ya TANESCO inaungua. Zenyewe kwa invata ya 230 zinakwenda vizuri, unaseti tu volti ya mota. Na zilizotengenezewa umeme wa hezi 60 zikifika kwetu kwenye hezi 50 bila invata zinapungua spidi kama sehemu moja ya sita, kwa kukata chuma hilo wala si balaa, ila volti nayo ilingane.

Ukitumia invata kuna mambo mawili watu hawaambiwi. Moja, ile swichi ya kuzima yenyewe fremu ikifika chini usiiache ikate waya kati ya invata na mota, iunganishe kwenye vituo vya amri vya invata, vinginevyo siku moja utasikia pwaa na invata imekwenda. Pili, pampu ya kulanti (maji ya kupozea bledi) mara nyingi nayo ni ya njia tatu, imefungwa pamoja na mota kubwa, usiisahau ukashangaa kwa nini maji hayatoki.

Kama mota ni ya njia moja na inawaka kwa shida, taa za nyumba zinafifia, breka inaruka, kabla ya kuita mota mbovu angalia waya. Mota inapoamka inavuta umeme mara tano mpaka saba ya kawaida yake, na muuzaji amekuwekea ekstensheni ya mita 30 ya waya mwembamba imezungushwa kwenye rola. Fupisha waya, tumia mnene, angalau milimita mraba 2.5, jaribu tena. Nimeona watu wawili wameinunua mashine kwa bei ya "mota mbovu" kwa sababu ya ekstensheni tu. Hao walipata, wewe uwe wa tatu.

INATEMBEA VIZURI LAKINI HAIKATI

Fremu inakwenda na kurudi, sauti safi, chuma kinang'aa tu. Angalia bledi imefungwa upande gani. Hekso nyingi za mota zinakata wakati wa kuvuta, kinyume na hekso ya mkono ambayo inakata ukisukuma, kwa hiyo mtu aliyezoea ya mkono anaifunga kinyume na anaapa yuko sahihi. Tafuta mshale kwenye fremu, au angalia fremu inakandamiza ikielekea wapi.

Na hapa kuna jambo la ndani zaidi. Hekso nzuri inainua bledi kidogo wakati wa kurudi ili meno yasiburuzwe. Kazi hiyo inafanywa na kamu (gurudumu lenye nundu) au pampu ndogo ya haidroliki iliyopangwa pamoja na mzunguko wa kranki, ule mkono unaoisukuma fremu. Sasa mota ya njia tatu ikizunguka kinyume fremu bado itakwenda mbele na nyuma kama kawaida, hutajua kitu, ila kwenye nyingi kamu inainua wakati wa kukata na inalaza wakati wa kurudi, na zenye pampu hazijengi presha kabisa. Bledi inaisha kwa mikato miwili. Angalia mshale wa mzunguko kwenye kava la mkanda, kama ni kinyume badilisha waya mbili zozote kati ya tatu, basi. Hapo unaweza ukapata mashine iliyotukanwa miaka mitatu na kosa lake ni waya mbili.

Mota ikiwa sahihi na bado haiinui, shuka kwenye kamu, rola yake, au oili ya haidroliki. Chungulia kwa tochi usawa wa macho, weka karatasi kati ya bledi na chuma wakati wa kurudi, ukizungusha puli kwa mkono (umeme umechomolewa jamani), karatasi itoke bila kuchanika.

Mkanda ukiteleza utasikia harufu ya mpira, na puli inawaka moto. Mkanda wa V usikae mpaka ukaguse chini ya mfereji wa puli, unatakiwa ushike pembeni. Ukiwa unagusa chini, ama mkanda umeisha ama puli imelika. Mkanda wenyewe una herufi na namba, A ni upana wa milimita 13, B ni 17, namba ni urefu kwa nchi, dukani ukisema A 45 wanajua.

Na tafadhali usipime kwa kipande cha hafushafti ya lori au springi eti kwa sababu ndo kilichopo. Vile vyuma vimefanywa vigumu kwa moto, bledi ya kawaida inageuka kijiko halafu mnaanza kubishana bure.

INAKATA UPANDE

Hii ndo dalili ya kuipa muda kuliko zote kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa wa elfu kumi na ugonjwa wa kuua mashine, na kwa macho vinafanana.

Funga bledi yako mpya, ikaze vizuri mpaka ukiigonga iite na isilie kama kamba ya nguo, kata vipande vitatu vya ile shafti ya 50, unene kama milimita 10 kila kimoja. Vipime kwa venia sehemu nne kuzunguka. Vikitofautiana chini ya nusu milimita hiyo mashine ni ya heshima kwa kazi zetu. Vikipinda sana sasa linganisha. Kama vyote vitatu vimepinda upande uleule kwa kiasi kilekile, mashine ni imara ila imekaa vibaya, vaisi haiko mraba na bledi au fremu imefungwa mshazari. Weka skwea kati ya taya la vaisi na bledi, legeza boliti, nyoosha, kaza. Bure kabisa. Lakini kama kila kipande kimepinda kivyake, kimoja kulia kimoja kushoto, kuna kitu kinacheza, na hapo ndo unatafuta kinachocheza ni nini.

Shika ncha ya fremu, itikise kushoto kulia. Ikicheza angalia njia inazotembelea, pembeni kuna kipande chembamba cha kurekebishia chenye boliti ndogondogo. Kaza zile boliti taratibu huku unasukuma fremu kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikikaza sawasawa safari nzima, umeiponya. Ikikaza kwenye ncha zote mbili lakini katikati bado inacheza, njia zimelika katikati, ambako fremu imefanya kazi miaka yote. Ukikaza katikati, kwenye ncha inagoma. Ukilegeza ncha, katikati inayumba. Huu ugonjwa unahitaji mashine kubwa ya kusawazisha na fundi wa kukwangua kwa mkono, na gharama yake inaizidi hekso. Unaaga vizuri, unaondoka.

Kuna watu watakwambia utaizoea. Utaizoea kweli, na wateja watakuzoea kwa vipande vilivyopinda.

BLEDI ZINAKATIKA AU MENO YANANG'OKA

Mara nyingi hapa mkosaji ni mkataji. Kanuni ya zamani ni kwamba muda wote angalau meno matatu yawe yamegusa chuma. Bledi ya meno 4 kwa nchi, jino na jino wameachana zaidi ya milimita 6, ukiilaza kwenye paipu ya ukuta wa milimita 2 jino linashuka kama gurudumu la baiskeli kwenye shimo na linang'oka. Kwa shafti nene meno 4 au 6, kwa engo na flatibaa 10, kwa paipu 14, na skwea paipu nyembamba kabisa mimi bado nakata kwa grinda, sioni aibu. Engo ifunge mgongo juu kama paa la nyumba, usiilaze ubavu mmoja ukasimama.

Kosa lingine la kimyakimya: bledi imekatika katikati ya mkato, unafunga mpya unaendelea kwenye mfereji uleule. Bledi mpya ni pana kuliko ile iliyokwisha lika, inabanwa, inakatika nayo. Geuza chuma uanze upande wa pili.

Ila kama muuzaji ana lundo la bledi zilizokatika chini ya meza na zote zimekatikia kwenye tundu la pini, angalia vishikio vya bledi, pini zimelika au haviko kwenye mstari mmoja, bledi inapindishwa kila ikikazwa. Pini zinachongwa. Hilo ni la kupunguziwa bei.

GIABOKSI INALIA, AU HAILII KABISA

Inayolia ina ukweli zaidi kuliko inayonyamaza isivyo kawaida. Kuna mchezo wa zamani wa kujaza grisi nzito au hata kuchanganya unga wa mbao kwenye oili ili gia zilizoisha zinyamaze siku ya mnunuzi. Kwa hiyo fungua kizibo cha chini, toa oili kidogo kwenye kitambaa cheupe, ipeleke juani. Oili nyeusi ni uzee tu. Ikiwa kama chai ya maziwa, kulanti imeingia, oili sili imekufa na huenda beringi zina kutu. Ikiwa na vumbi la rangi ya dhahabu linalometameta, hiyo ni gia ya shaba inajisaga. Kidogo sana, sawa, shaba ndo imewekwa ilike badala ya chuma. Ikiwa nyingi, fungua kifuniko uone meno, yakiwa yamechongoka kama meno ya papa imebaki historia. Shaba inachongwa, wapo wanaoweza, lakini uliza bei kabla ya kununua mashine, usiulize baada.

Alafu shika puli usukume mbele na nyuma bila fremu kusogea. Uchezaji kidogo ni kawaida. Robo mzunguko si kawaida.

Beringi zikilia, soma namba ubavuni. 6204 tundu lake milimita 20, 6205 ni 25, 6206 ni 30. Kwa vumbi la hapa kwetu hasa kiangazi upepo unapoanza, chukua zenye mpira pande zote mbili, za bati zinaingiza mchanga.

FREMU INASHUKA KWA KISHINDO

Inua fremu, funga valvu, iache. Ikikaa palepale nzuri. Ikishuka polepole, o-ringi au oili imepungua, ni kazi ya mchana mmoja. Ikidondoka kama embe, silinda imechubuka ndani, fungua uone kabla hujakubali maneno ya "inataka oili tu". Ikiruka-ruka wakati wa kushuka kuna hewa, ipandishe na kuishusha mara kadhaa valvu ikiwa wazi.

Kulanti sina mengi. Pampu isipotoa, asilimia kubwa ni tope la vumbi na chembe kwenye tangi, osha. Changanya oili yake na maji kiasi cha moja kwa kumi hadi moja kwa ishirini, na joto la Dodoma linapeleka maji yanabaki mafuta, kwa hiyo ukiongezea ongeza maji zaidi. Kasti (chuma cha kumwagwa kwenye kalibu) kata kavu.

KAMA NI BENDISO

Mengi yanafanana, tofauti ni mkanda wa bledi. Ikiruka kwenye magurudumu, kwanza mkazo, pili gurudumu la mvutano limeinama, lirekebishe mpaka mgongo wa bledi ukaribie ukingo bila kuusugua. Kama ukingo wa gurudumu umeshachimbwa na bledi, hilo ni gurudumu la kuchongwa upya. Ikikata upande, zile gaidi mbili zenye beringi ziko mbali mno na chuma, au beringi zake zimekufa, na hizo ni za bei ndogo. Bledi ikikatikia kwenye kiungo, mchomeleaji wa bledi ana makosa. Ikianza kupasuka kutoka mgongoni, ile beringi ya nyuma haizunguki na bledi inajisugua. Zile bendiso ndogo nyekundu za bledi ya milimita 1638 ni nzuri kwa nyumbani ila usizipe shafti za trela kila siku.

MPASUKO ULIOFICHWA

Bodi na fremu nyingi ni kasti. Rangi mpya inayong'aa kwenye mashine ya zamani iogope. Pitisha sumaku taratibu kwenye miguu, kwenye shingo inayobeba fremu na kwenye vaisi, ikiachia sehemu moja, kuna bodifila chini, ile pasti ya kuzibia bodi za magari. Gonga kwa spana, kasti nzima inaita kama kengele, iliyopasuka inajibu kama chungu chenye ufa. Kiraka kwenye mguu wa stendi naweza kukubali. Kwenye shingo au kranki hapana, hasa ukiona limechomelewa kwa rodi za kawaida za mageti, mana kasti inataka rodi ya nikeli na kupashwa moto taratibu, vinginevyo inapasuka pembeni ya weldi palepale ilipopoa.

KUIBEBA

Mashine nyingi zinavunjika siku ya kuhama. Fremu ishushe mpaka chini, ifunge kwa mnyororo au boliti, usiruhusu vijana waishike fremu au puli wakati wa kunyanyua, wanyanyue kwenye bodi. Uzito uko juu, kwenye toyo inapinduka kona ya kwanza, tafuta kenta au angalau kirikuu kwa ndogo, na ilale juu ya mbao siyo juu ya bati. Mota ikiwa inaning'inia nyuma itoe ibebwe peke yake.

Ukifika nayo usiiwashe kuwaonyesha majirani. Mwaga oili yote ya giaboksi, suuza kwa dizeli, weka mpya, ifunge kwenye zege likiwa sawa kwa pima maji, rudisha kava la mkanda hata kama muuzaji alisema linasumbua. Mikato kumi ya kwanza kwa bledi mpya nenda kwa mkandamizo nusu. Baada ya saa moja ya kazi zima ukaze boliti zote tena, yangu ililegea nne, moja ilikuwa ya kranki.